Nilimwambia mama yake tumbo ni safi

BARUA

Bi Mshauri, assalamu alaykum. Shikamoo.

Mimi ni daktari wa kawaida, si bingwa wa chochote, na huu ni mwaka wangu wa tatu kazini. Niko katika hospitali moja ya Kaunti ya Lamu ambayo naomba nisiitaje. Altrasaundi ya hospitali hufungiwa chumbani saa kumi jioni, na mwenye kuisoma huenda kwao. Usiku tunabaki na vidole vyetu na masikio yetu. Ndiyo maana mwaka jana nilijibana nikanunua kifaa cha mkononi, kile kinachochomekwa kwenye simu na picha ikatokea kwenye kioo. Kutumia kifaa cha namna hiyo nilifundishwa kwa siku mbili tu, zamani nikiwa katika mwaka wa mafunzo kazini.

Kimenifaa sana. Kuna mtoto aliyekuwa akitibiwa pumu, nikaona kumbe ana maji kifuani. Wauguzi wakazoea kuniita hata siku ambazo si zamu yangu.

Miezi miwili iliyopita, saa mbili usiku, aliletwa mtoto wa kiume wa miaka sita. Alikuwa amepakiwa juu ya punda na binamu zake, punda akashtuka, mtoto akaangukia ncha ya baraza kwa ubavu wa kushoto. Alikuwa analia lakini anazungumza, na hakutapika. Tumbo lilikuwa laini, ila nikimbonyeza chini ya mbavu za kushoto anajikunja. Muuguzi alimpima mapigo ya moyo akapata 134. Nikasema ni kilio. Nikatoa kifaa changu, nikapaka jeli, nikaangalia pale panapotazamwa: baina ya ini na figo, baina ya bandama na figo, nyuma ya kibofu, na moyo. Sikuona damu. Nilirekodi video nikazituma kwenye kundi la WhatsApp la wenzangu tuliosoma pamoja, wawili wakanijibu kwa kidole gumba. Nikamgeukia mama yake nikamwambia, "Mama, mshukuru Mungu, tumbo la mtoto ni safi." Nikampa dawa ya maumivu. Wakaondoka kabla ya saa nne.

Alfajiri walirudi. Mtoto midomo imekuwa myeupe, jasho la baridi, tumbo limejaa. Nilipoweka kifaa, ule weusi wa damu ulikuwa kila mahali. Tulimtilia maji ya mshipa na chupa moja ya damu iliyokuwa imebaki, boti ikatafutwa ikatuvusha hadi Mokowe, kisha gari kupitia Witu na Garsen hadi hospitali kubwa yenye CT, ile mashine kubwa ya kupiga picha za ndani ya mwili. Bandama lilikuwa limepasuka. Alhamdulillahi hakufanyiwa upasuaji. Alilazwa siku tisa, na sasa yuko kwao.

Wiki iliyopita mjomba wake alikuja na barua ya wakili anayetaka nakala ya faili. Mkubwa wangu aliniita akaniambia: "Usingeigusa hiyo mashine yako, leo usingekuwa na kesi. Mkono wa daktari haumshtaki mtu, mashine ndiyo inayomshtaki."

Nakuuliza, Bi. Niifungie mashine kabatini nisiiguse tena? Halafu, katika faili sikuandika neno juu ya picha. Nimeandika tu "tumbo laini, aruhusiwe". Je, niongeze sasa mstari mmoja kuwa nilipiga altrasaundi na nilimwambia mama amrudishe mtoto akizidiwa? Nilimwambia kweli, wallahi, ingawa kwa haraka, akiwa ameshafika mlangoni. Na zile video bado zimo simuni mwangu. Rafiki yangu anasema nizifute. Silali.

Daktari wa Visiwani

JIBU

Wa alaykumu salaam, mwanangu. Marahaba.

Nianze na faili, maana hilo halingoji. Usiliguse. Usiongeze mstari, usinyooshe herufi, usibadili saa. Faili hilo limeshapita mikononi mwa watu, na huenda kuna nakala iliyokwenda na mtoto katika rufaa. Mstari utakaoubana leo kando ya maandishi ya miezi miwili iliyopita utaonekana, na siku utakapoonekana hakuna atakayeamini hata yale uliyoyaandika kwa ukweli usiku ule. Mimi niliketi miaka mingi katika kamati za malalamiko ya wagonjwa hapa Malindi kabla ya kustaafu. Nimewaona madaktari waliokosea wakasimama, wakaeleza, wakarudi kazini. Walioandika upya faili sikuwaona wakirudi.

Unachoweza kufanya ni kuandika maelezo mapya kwenye karatasi mpya, yenye tarehe ya siku unayoandika na saa yake, useme wazi kwamba unaandika miezi miwili baadaye na kwamba barua ya wakili imeshafika. Andika unayoyakumbuka, na palipofifia sema pamefifia. Kama mama alikuwa mlangoni ulipompa maagizo, andika alikuwa mlangoni. Lakini kabla ya kuandika hata hayo, mwone msimamizi wa hospitali na wakili wa mwajiri wako. Na kama una bima ya kitaaluma, wapigie leo hii, maana kampuni za bima hulalamika sana zikiarifiwa kwa kuchelewa.

Video zisifutwe. Rafiki yako anakupenda, lakini anakupeleka shimoni. Zikabidhi kwa hospitali zihifadhiwe kama zilivyo, bila kukata wala kupunguza. Huenda ndizo zitakazokutetea: mtu anayejua picha akizitazama aone kweli hapakuwa na damu saa ile, basi angalau itajulikana ulitazama na ulichokiona ndicho kilichokuwepo. Na akiona palikuwa na utepe mwembamba wa damu uliokupita, hilo nalo ni haki ya mtoto lijulikane.

Sasa nije kwenye sentensi ya barua yako niliyoisoma mara tatu. Si ile ya mashine. Ni hii: "akapata 134. Nikasema ni kilio."

Mtoto wa miaka sita aliyetulia, moyo wake hupiga baina ya 75 na 118 hivi kwa dakika. Akilia utapanda, ni kweli. Basi mtoto hubembelezwa, hupewa dawa ya maumivu, huachwa nusu saa kifuani kwa mama yake, kisha hupimwa tena. Hukuniambia kama alipimwa tena, nami naogopa hakupimwa. Mtoto wa kilo 20 ana damu ya lita moja na nusu hivi, mwili mzima. Akiivuja, presha haishuki mapema kama ya mtu mzima. Mishipa yake hujibana, moyo hukimbia, naye anaendelea kukujibu na kukutazama, mpaka dakika anapoporomoka. Kwa hiyo mapigo ndiyo habari ya kwanza, na mara nyingine ndiyo habari pekee. Usiku ule kulikuwa na habari mbili: ubavu wa kushoto unaouma juu ya bandama, na moyo unaokimbia. Zote zilikuwa zinasema jambo moja. Halafu ikaja picha isiyoonyesha kitu, nawe ukaiamini picha kuliko mtoto.

Sikulaumu kama mtu asiyewahi kufanya hivyo. Nakwambia ili uone hatari iko wapi. Picha ya tumbo baada ya mtoto kugongwa huonyesha damu iliyokwisha kumwagika ndani ya tumbo na kukusanyika. Bandama linaweza kupasuka na damu ikabaki imefungiwa ndani ya ngozi yake kwa saa kadhaa kabla ya kutoka. Watoto wengi wenye jeraha la ini au bandama hawana damu ya kuonekana katika picha ya kwanza. Na huku kwetu pwani, penye malaria, unakuta watoto wenye bandama lililovimba, na hilo hupasuka kwa kishindo kidogo. Ukiona damu, umeona. Usipoona, hujapata ruhusa ya kumpeleka mtoto kwao.

Mwaka 2017 ulichapishwa utafiti wa California, Marekani, wa watoto 925 waliogongwa tumboni na waliokuwa bado imara. Nusu yao walipigwa altrasaundi ya haraka juu ya uchunguzi wa kawaida, nusu hawakupigwa. Haikuleta tofauti ya maana: si katika majeraha yaliyokosewa, si katika idadi ya CT, si katika muda wa kukaa kitengo cha dharura. Hao walikuwa na wataalamu na CT mlango wa pili. Mtoto wako alikuwa katika kundi hilohilo la watoto wanaoonekana imara, na yeye CT yake iko ng'ambo ya maji. Kilichomfaa ni kulazwa, kupimwa mapigo kila nusu saa, kubonyezwa tumbo tena, na kupigwa picha ya pili saa chache baadaye. Kitanda kimoja na muuguzi mmoja.

Mkubwa wako naye amekosea, na nakuomba usilichukue neno lake ukaliweka moyoni. Mwaka 2012 watafiti wa Marekani walitoa matokeo ya kupekua kumbukumbu za kesi za miaka 20 dhidi ya madaktari wa dharura. Walimtafuta daktari aliyeshtakiwa kwa kupiga altrasaundi kando ya kitanda au kwa kuisoma vibaya. Hawakumpata. Walimpata mmoja, aliyeshtakiwa kwa kutoipiga. Mwaka 2015 wengine wakatoa hesabu ya kesi za altrasaundi hiyo za 2008 hadi 2012: zilikuwa tano, na zote malalamiko yalikuwa kutopiga au kuchelewa kupiga. Usiufanye utafiti huo ngao, kwa sababu mashauri mengi humalizwa nje ya mahakama na hayaingii katika kumbukumbu za namna hiyo, na sheria ya kule si ya huku. Lakini unatosha kumjibu anayesema mashine ikifungiwa kabatini daktari yuko salama.

Mimi nina sababu yangu ya kusema hivi. Zamani, kabla ya vifaa hivi vya mkononi, tuliletewa mtoto wa miezi saba. Analia kwa vipindi, anakunja miguu, ananyamaza, analegea, kisha analia tena. Akaanza kutoa choo chenye damu na ute. Tukasema kuhara damu. Tukamtibu amiba siku mbili. Utumbo wake ulikuwa umejiingiza ndani ya utumbo mwingine, na ulipofunguliwa ulikuwa umekwisha kufa. Yeye alikufa siku iliyofuata. Hali ile kwenye altrasaundi ni duara ndani ya duara, kama kitunguu kilichokatwa, na daktari aliyefundishwa vizuri huitambua. Hakuna aliyetushtaki. Mama yake alinishika mkono akaniambia ni kazi ya Mungu, nami nimeishi na mkono ule mpaka leo. Kwa hiyo usiniambie nikubaliane na kabati.

Ninachotaka ni uitumie kwa swali dogo, na jibu lako liwe dogo kama swali. Je, kuna maji kifuani, ndiyo au hapana? Je, moyo unasukuma? Je, kuna damu tumboni sasa hivi, kiasi cha kumwamsha nahodha usiku wa kusi, maji yamekupwa na bahari imechafuka? Kwa visiwa vyetu swali hilo la mwisho lina thamani kuliko daktari wa mjini anavyoweza kuelewa, kwa sababu ukingoja kupambazuke umechelewa, na ukimvusha mtoto usiku bila sababu umemtia katika hatari nyingine. Hapo mashine yako ni msaada mkubwa. Lakini neno "safi" liondoe kinywani. Mama hawezi kujua kwamba ulitazama sehemu nne tu kutafuta kitu kimoja tu. Yeye alisikia kwamba mtoto wake amepimwa na mashine na hana kitu, ndiyo maana alilala usingizi usiku ule. Mwambie: "Mama, kwa sasa sioni damu, lakini inaweza kutoka baadaye, ndiyo maana nataka alale hapa." Akikataa kulala, mwambie mbele ya muuguzi dalili za kurudi nazo, umtake azirudie kwa kinywa chake, na uyaandike.

Na uandike picha pia, kila mara, hata ile ya nusu dakika. Ulitafuta nini, uliona nini, nini hakikuonekana vizuri. Usiku ule uliuchukua uamuzi wako kwenye picha halafu picha yenyewe ukaiacha nje ya faili. Anayesoma "tumbo laini, aruhusiwe" atadhani hukufikiri kabisa, na wewe ulifikiri.

Jambo linalonitia wasiwasi zaidi kisheria ni kwamba kifaa ni chako, mafunzo ni ya siku mbili, na hospitali haikukupa ruhusa ya maandishi. Kwa kawaida mwajiri huwajibika kwa kosa la mfanyakazi wake akiwa kazini. Lakini kwa hali hii wakili wake anaweza kutaka kukuweka kando. Kipimo cha mahakama zetu kilitoka Uingereza, katika kesi ya Bolam ya 1957: je, ulitenda kama wangetenda madaktari makini wa fani yako? Tangu uamuzi wa 1997 katika kesi nyingine ya hukohuko, ya Bolitho, rai ya madaktari hao yenyewe sharti ihimili kuulizwa. Na anayejitwika kazi ya ujuzi fulani hupimwa kwa ujuzi huo. Kwa hiyo usijitwike kusoma usichofundishwa. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilipotoa tamko lake juu ya altrasaundi ya kitengo cha dharura mwaka 2015 kilitaka mambo hayahaya: mafunzo yanayoendelea, ruhusa ya hospitali, kuhifadhi picha, na mtu mwingine wa kuzipitia. Hata hospitali ya kisiwani inaweza kufanya hivyo. Yule mwenye altrasaundi ya mchana anaweza kukaa nawe saa moja kila wiki mkatazama picha zako za usiku. Mwombe. Na mwombe mkubwa wako karatasi yenye sahihi inayosema unaruhusiwa kutazama nini.

Kundi la WhatsApp, mwanangu, liache. Picha ya mgonjwa ni siri yake, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaihesabu habari ya afya kuwa nyeti. Kama jina la mtoto lilikuwa juu ya kioo, mweleze msimamizi mwenyewe kabla hajaelezwa na wengine. Kutaka rai ya mwenzako ni vyema, lakini mpigie mmoja, mtaje jina lake katika faili, mweleze mapigo na maumivu pamoja na picha. Wale wawili waliokujibu kwa kidole gumba hawakuwa wameambiwa 134.

Amebaki mjomba. Usimwone kama adui. Sheria ya Afya ya 2017 inampa mtu haki ya kulalamikia alivyotibiwa, na haki ya malalamiko yake kuchunguzwa, na wakili akitaka faili kwa utaratibu anafanya kazi yake. Likija shauri la Baraza la Madaktari, lijibu kwa wakati, na kwa kweli tupu. Lakini mimi naamini familia hii haijasikia neno kutoka kwako tangu alfajiri ile. Siku tisa walikaa mbali na nyumbani wakiuguza, wakarudi, na hakuna aliyewaeleza kwa nini mtoto mwenye "tumbo safi" karibu afe.

Basi, ukishazungumza na msimamizi na wakili na wakikubali, nendeni kwao, wewe na msimamizi pamoja na muuguzi aliyepima mapigo akitaka. Ijumaa baada ya swala ni wakati mzuri, watu wamekaa barazani. Mjulie hali mtoto kwanza, umtazame usoni. Kisha mwambie mama yake uliona nini usiku ule, hukuona nini, na kwamba neno ulilompa lilikuwa kubwa kuliko ulichokijua. Usimweleze juu ya mashine mpaka akuulize. Akilia, mwache alie, na simu yako iache kwa msimamizi.